Moto wa Taa wa MmaTumo

Kama kuna mtu Tlokweng aliyewahi kumwambia Keneilwe Mothibedi kwamba jambo fulani haliwezekani, basi alisema mara moja tu, akaacha. Huyu ndiye aliyepamba arusi ya binti wa mchungaji kwenye uwanja uliojaa maji ya mvua. Hakuhamisha hema, hakuomba udhuru. Aliweka mishumaa ielee juu ya yale madimbwi, na wageni wakarudi kwao wakisimulia kwamba maji yaliletwa makusudi. Nyuma ya nyumba yake kuna banda la mabati limejaa vitambaa vya viti, maua ya plastiki, mataji ya waya na nyaya za taa ndogondogo za kila rangi. Watu humwita MmaTumo, yaani mama Tumo, kwa jina la mwanawe anayefanya kazi Maun. Yeye mwenyewe hujiita fundi, na ukimwita mpambaji atakusahihisha mbele za watu.

Kwa hiyo baridi ya mwaka ule ilipomletea jambo lisilowezekana mpaka sebuleni, hakushtuka. Aliudhika tu.

Jambo lenyewe lilikuwa mzee Mothibedi, baba wa marehemu mumewe. Mzee alikaa kambi ya ng'ombe maisha yake yote, nyikani upande wa Letlhakeng, hadi kifua kilipomshinda. Hospitali walimtoa na mashine ya kumpa hewa, pamoja na amri mbili: asikae penye moshi, na mashine ilipo pasiwashwe moto wa aina yoyote, hata kiberiti, maana hewa ile ikikutana na cheche nyumba nzima inaweza kuteketea. Modiri, mwana pekee aliyebakia kwa mzee, alikuwa na chumba kimoja tu mjini Gaborone. Keneilwe hakungoja kikao cha ukoo. Alimchukua mzee, akampa chumba chenye jua la asubuhi.

Alikuwa na sababu. Mumewe Kagiso alipofariki, ndugu walikuja na maneno yao kuhusu nyumba, nani arithi na nani ahame. Mzee aliwaacha waseme mpaka wakauke koo. Kisha akasema nyumba ni ya mke wa mwanangu, na asiyeridhika anifuate kambini tuzungumze, maziwa yapo. Hakuna aliyemfuata. Tangu siku ile Keneilwe alimpenda mzee kuliko wengi waliozaliwa naye tumbo moja, wala hakuona haya kulisema.

Lakini mzee alikuwa anapotea machoni pake. Ugonjwa haukuzidi, yeye ndiye aliyenyamaza. Ukimwuliza chakula, "Ndiyo." Ukimwuliza usingizi, "Hapana." Jioni aliketi mbele ya televisheni akitazama ukuta ulio kando yake. Uji wa mtama aliuacha nusu bakuli. Siku moja akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi:

"Modiri atanirudisha kambini."

"Kufanya nini, baba?"

"Kukaa."

"Na mashine?"

"Ibaki."

"Baridi hii, moshi ule, na kifua hicho. Unajua maana yake, baba?"

"MmaTumo, mtu hukaa penye moto," mzee alisema. "Hapa hapana moto. Nimewekwa tu, kama mzigo uliosahauliwa kituo cha basi."

Keneilwe alimjua mzee akikata kauli. Huwezi kumfunga kamba mtu mzima. Lakini akirudi kule baridi hii, wangemzika kabla ya mvua za kwanza, na yeye hakuwa tayari kumzika mtu mwingine wa nyumba hii. Alitoka hadi bandani, akazitazama nyaya zake za taa.

"Moto?" akasema peke yake. "Moto tu ndio unaotaka kuniulia mzee? Ngoja."

Jaribio la kwanza lilikuwa la aibu. Alizungusha taa nyekundu za Krismasi kwenye kuni chache, akawasha, zikaanza kupepesa kama gari la polisi linalomfukuza mtu. Akazizima haraka asije akaonwa. Safari ya pili alitumia akili yake ya fundi. Aligundua kwamba moto haung'ai kwa juu, unang'aa tumboni. Basi akachagua taa za manjano iliyoiva, zile za arusi za jioni zinazotumia betri, akachanganya na nyekundu chache, akazilaza chini kabisa ya sinia pana la bati. Akaenda kwa fundi wa vioo vya magari, akaomba punje za kioo cha mlango kilichovunjika, zile zisizokata, akazichovya katika rangi ya machungwa iliyozimuliwa, akazimwaga juu ya taa. Zikawa makaa. Ukiyatazama muda mrefu ungesema yanapumua.

Ndimi za moto alizitoa kwenye mabaki ya mikanda ya viti vya arusi, hariri nyepesi isiyo na uzito hata kidogo, na chini yake akaficha feni ya kompyuta kuukuu ya kuipuliza. Hariri ikainuka, ikajikunja, ikashuka, ikainuka tena. Ukingoni akanyunyiza jivu halisi, aliloomba kwa mama anayekaanga maandazi pale njia panda. Mama yule aliuliza jivu ni la nini. Keneilwe akamwambia ni la kupambia, na mama akamtazama kwa huruma.

Zikabaki kuni. Kando ya barabara ya Molepolole kulikuwa na mtu anasafisha kiwanja, miti imekatwa na kulazwa mafungu mafungu, na wanawake wanajichukulia. Kila fungu lilikuwa linagombaniwa, isipokuwa moja. Lilikuwa la magogo meupe, kama yaliyopakwa chokaa, mazuri kuliko yote, na hakuna aliyeligusa. Keneilwe alishangaa watu wasivyo na macho. Akapakia magogo kwenye gari lake la mizigo. Mwanamke mmoja alimwangalia akipakia, akafungua mdomo, kisha akaufunga. Keneilwe alidhani ni wivu.

Ndiyo, mtu angeweza kumwambia. Lakini Keneilwe alizaliwa Jwaneng, mji wa mgodi, nyumba yenye jiko la umeme, na uso wake siku zote ni uso wa mtu anayejua anachofanya. Watu wa namna hiyo hawaambiwi kitu.

Jioni ile aliweka sinia katikati ya sebule, akayasimamisha magogo yake meupe kuizunguka hariri, vichwa vikiegemeana juu, akazima taa ya dari na kuwasha moto wake. Hata yeye alirudi hatua moja. Ukuta ulijaa vivuli vinavyocheza, na baridi ya sakafu ikawa kama imesahaulika. Akaenda kumwita mzee.

Mzee Mothibedi alikuja taratibu, mpira wa mashine ya hewa ukimfuata nyuma. Akasimama. Akatazama. Keneilwe alisubiri sifa zake.

"MmaTumo."

"Naam, baba."

"Hii miti umeitoa wapi?"

"Barabara ya Molepolole. Si mizuri? Tazama weupe wake."

"Huu ni motlopi."

"Ala, kumbe una jina."

"Umewasha motlopi ndani ya nyumba," mzee alisema, na sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza tangu ahamie. "Nani alikufundisha kuwasha motlopi? Hujui kwamba motlopi ukichomwa ng'ombe huzaa madume matupu? Madume, MmaTumo! Ukoo mzima wa ng'ombe huishia pale pale. Nani atazaa? Nani atatoa maziwa? Unataka nikamue madume?"

"Baba, haujachomwa. Ni taa. Weka mkono uone."

"Sikuulizi habari za mkono. Mimi naona moto, na ndani ya moto naona motlopi."

"Na ng'ombe wako Letlhakeng. Watauonea wapi?"

"Mjinga mmoja aliuchoma kule Lentsweletau nilipokuwa kijana. Ng'ombe wetu walikuwa mwendo wa siku mbili kutoka hapo. Unadhani nani aliwapelekea habari?"

"Sasa si walikuwa ng'ombe wa mjinga yule waliopaswa kuzaa madume?"

"Hao nao walizaa madume. Usinipotoshe."

Alisema hivi na vile, akataja majina ya ng'ombe waliokufa kabla Keneilwe hajazaliwa, akamtukana yule mjinga wa Lentsweletau pamoja na babu yake, mpaka pumzi zikamkatika ikabidi akae. Keneilwe alikuwa ameinamisha kichwa kama inavyompasa mkaza mwana anayekaripiwa. Moyoni alikuwa anafurahi hadi anaogopa kuonekana. Tangu mzee aje, maneno yake yote ya nyumba ile yakijumlishwa hayakufika nusu ya haya. Aliyatoa magogo meupe nje usiku ule ule, akalala vizuri.

Asubuhi simu ya mzee ikalia. Alikuwa Thuso, mchungaji wao wa ng'ombe kule kambini, na mzee alikuwa na desturi ya kuongea na simu kwa sauti ya kufika Letlhakeng bila simu.

"Nani amezaa? ... Yule mweusi mwenye baka? ... Amezaa nini?"

Mzee akamgeukia Keneilwe aliyekuwa anamimina chai.

"Dume," akamwambia.

"Baba, ng'ombe huzaa dume au jike. Hakuna la tatu."

Siku ya pili yake Thuso akapiga tena. Mwingine amezaa. Dume. Safari hii mzee hakupiga kelele. Alimpigia Modiri, akamwambia Jumamosi aje na gari asubuhi, kisha akaanza kupanga vitu vyake kwenye mfuko, shati moja baada ya jingine, kwa utulivu wa mtu aliyemaliza mazungumzo. Ng'ombe wake walikuwa taabani, na mahali pa mwenye ng'ombe ni kwa ng'ombe.

Modiri naye alimpigia Keneilwe, amechanganyikiwa.

"Shemeji, umefanya nini? Mzee anasema umeroga zizi kwa taa za arusi."

"Nimekosea kuni. Nitarekebisha."

"Shemeji, tuseme ukweli. Ameshaamua. Mimi ni nani wa kumkatalia baba yangu?"

"Wewe njoo hiyo Jumamosi," Keneilwe alisema. "Kumkatalia niachie mimi."

Maneno hayo ni makubwa. Alijua kabisa kwamba yeye ndiye aliyempa mzee sababu ya kuondoka ambayo hakuwa nayo. Mtu mwingine angelia, akaenda kuomba radhi kwa wazee. Keneilwe alikwenda kusimama mbele ya mzee.

"Baba, kabla hujaondoka nataka nijue moto. Nimezaliwa mgodini, sikufundishwa. Twende ukanichagulie kuni, ukanionyeshe."

Kukataa kumfundisha mtu moto ni kama kumnyima maji. Hospitali walimruhusu mzee kuachana na mashine kwa saa chache, basi akavaa kofia yake wakaenda kwa muuza kuni. Huko alimtesa mwuzaji kisawasawa. Hili limeoza ndani. Hili lina miiba, unataka watoto wakanyage? Hili ni la kupikia pombe. Mwishowe alilipiga teke gogo moja la kijivu, zito kama chuma, akasikiliza, akasema hili ni motswere, huu ndio moto wa wanaume, ukilala nao unaamka nao. Akachagua matatu. Mwuzaji akashusha bei ili waondoke upesi.

"Na usiyasimamishe kama hema la arusi," mzee alimwambia njiani. "Moto haukai wima. Magogo hulala chini, vichwa vinakutana, mikia inatoka nje. Moto ukila vichwa, unasukuma mikia. Unakaa hapo unasukuma. Ndiyo kazi."

"Usiku kucha?"

"Usiku kucha. Anayezungumza anasukuma, anayesikiliza anasukuma. Ule wako hata ungekuwa na kuni nzuri ungekuwa kazi bure. Haukuwa na njaa. Nilikaa nikautazama, nikaona haunihitaji kwa lolote." Akageukia dirishani. "Kama vitu vyote vya nyumba yako. Vinajiendesha."

Maneno yale yalimchoma Keneilwe, kwa sababu yalikuwa kweli. Alikuwa amemfungulia milango, amempa blanketi nzuri, amemzuia asiinue hata kikombe, akidhani ndio mapenzi. Hajawahi hata siku moja kumwomba msaada.

Kufika mjini alisimama kwenye duka la vifaa vya umeme. Alitaka vile vitufe vya ngazi za maghorofa: ukibonyeza taa inawaka, ukipita zako baada ya muda inazima yenyewe. Mwenye duka alimwuliza ana ghorofa ngapi. "Nina mzee mmoja," Keneilwe akajibu, "lakini ni mrefu."

Alifanya kazi bandani Alhamisi nzima na Ijumaa mchana kutwa. Kila gogo la motswere alililaza kwenye kijireli kifupi kilichofichwa kwa jivu, na mbele ya kichwa chake akaweka kitufe chenye springi. Ukisukuma gogo, linabonyeza, na fungu lake la taa linawaka. Ukiliacha, springi inalirudisha nyuma kidogo kidogo, kama vile kichwa kimeliwa, na taa zake zinakufa. Magogo matatu, mafungu matatu ya taa, na feni ya hariri ikafungwa kwenye lile gumu zaidi kusukuma. Akajipiga kidole nyundo, akaungua kwa chuma cha kulehemu, akaita springi zile majina ambayo mchungaji wa kanisa hajawahi kuyasikia. Hakuwa na shaka hata kidogo kwamba ingefanya kazi. Shaka yake ilikuwa kama ingetosha.

Ijumaa jioni aliuwasha, akamweka mzee kwenye kiti kifupi, akajitia ana vyombo vya kuosha jikoni. Mfuko wa mzee ulikuwa tayari mlangoni.

Mlango wa jikoni aliuacha wazi kiasi cha jicho. Mzee alikaa mikono magotini. Moto uliwaka vizuri, kisha upande mmoja ukafifia ukazima. Mzee akautazama. Upande wa pili nao ukafa. Hariri ilikuwa bado inajitahidi, kisha feni ikanyamaza, hariri ikaanguka, na sebule ikawa giza. Keneilwe alishika sahani moja bila kuiosha. Hakusikia kitu zaidi ya mashine ya hewa ikivuta na kutoa. Akajiambia basi, imekwisha, nimejaribu.

Gogo likakwaruza jivu.

Mwanga ukarudi, kwanza kidogo, kisha wote. Mzee alikuwa ameinama mbele, mkono kwenye mkia wa gogo, mdomo umekaza kama mtu anayemkomesha mtoto mtundu.

"MmaTumo," akaita bila kugeuka. "Unaacha moto unazimika na wewe uko kwenye maji?"

"Nina vyombo, baba. Nisaidie."

"Vyombo," mzee akasema kwa dharau, akasukuma la pili.

Alipokuja kukaa, mzee alikuwa ameshaanza kuzungumza, na hakuwa anamwambia mtu yeyote hasa. Alisema juu ya Kagiso alipokuwa mdogo, alivyolala karibu na moto suruali ikaungua makalioni, akatembea kinyumenyume siku nzima ili mama yake asione. Keneilwe aliishi na Kagiso miaka mingi na hakuwahi kusikia habari hiyo. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yalipokuja hakuyazuia, akamlilia mumewe waziwazi mbele ya baba yake, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Mzee hakumwambia anyamaze. Alisema tu, "Sukuma hilo la upande wako."

Jumamosi asubuhi mfuko ulikuwa pale pale mlangoni. Keneilwe aliuona alipotoka chumbani, na kila alichojisifia jana kikamtoka. Akapika uji. Modiri alipiga honi, akaingia akipuliza vidole kwa baridi, akausalimia ukoo wote aliouona, yaani watu wawili, kisha akasimama akiutazama moto ule unavyowaka mchana kweupe.

Kabla hajasema kitu simu ya mzee ikalia.

"Thuso. Enhe. ... Amezaa? ... Nini?" Mzee akasikiliza. "Dume. Haya."

Keneilwe alifumba macho.

"Huyo alikuwa ameshaumbwa," mzee akawaeleza, akiiweka simu mfukoni. "Tumboni anakaa miezi tisa. Motlopi umewaka usiku mmoja. Tutaanza kuhesabu wanaokuja." Akamwonyesha Modiri mfuko kwa kidevu. "Chukua huo, barabara ni ndefu. Mna kamba mpya za ndama humo, na dawa ya kupe. Mwambie Thuso yule mwenye baka asikamuliwe mwezi huu."

Modiri aliuinua mfuko, akaona ni mzito, akaufungua, asione shati hata moja. Juu ya kamba kulikuwa na koti la mzee, lile nene la manyoya ndani, ambalo mtu wa kambini halivui kuanzia Mei hadi Agosti.

"Na hili?"

"Mpe Thuso. Lake limechanika."

"Baba, hili ndilo koti lako. Wewe utavaa nini kule?"

Mzee Mothibedi aliinama, akasukuma gogo, akangoja mpaka mwanga ukae sawa.

"Kule wapi?" akauliza.